Mtu wa Miti: Maisha ya Richard St. Barbe Baker

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyefariki zamani, aandike maisha yake. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wachezaji wa mpira. Mimi nimemchagua mzungu mmoja aliyefanya kazi ya miti, na wengine wamenicheka. Hebu kwanza nieleze sababu.

Babu yangu, tunayemwita guka, ni fundi wa kukata na kupogoa miti. Kila Jumamosi huwa tunafanya naye kazi hapa Thika na kule Ruiru, mimi nikimshikia kamba. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwakatwa ploti, na kila anayejenga ana mti unaomsumbua: mkima ulioegemea nyaya za stima au mkaratusi unaotishia mabati. Basi Desemba iliyopita tuliitwa kwenye ploti moja Ruiru kuangusha mti. Bei ilikuwa nzuri. Guka alikuwa amekwisha niambia kwamba pesa hizo zingelipa karo yangu ya muhula wa kwanza pamoja na chakula cha mchana. Tulipofika, guka aliuzunguka ule mti mara moja, akaukunja msumeno wake katika gunia, akamwambia mwenye ploti kwa heshima kwamba kazi hiyo hataiweza. Kumbe ulikuwa mugumo! Tukarudi Thika mikono mitupu. Katika matatu sikumsemesha hata kidogo. Januari nilikaa nyumbani wiki mbili.

Ni katika wiki hizo mbili nilipoingia maktaba ya umma hapa Thika na kukutana na maisha ya Richard St. Barbe Baker.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, jimbo la Hampshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri na pia alikuwa na kitalu cha miche. Kwa hiyo tangu utotoni Baker alijua kusia mbegu na kuhamisha mche bila kuumiza mizizi. Samaki mkunje angali mbichi. Akiwa mtoto mdogo aliwahi kupotea peke yake msituni. Badala ya kulia kwa hofu, yeye aliona raha ambayo hakuisahau mpaka uzee wake.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alivuka bahari kwenda Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilichoko mji wa Saskatoon, na ili apate riziki alifanya kazi ya kukata miti kwenye kambi za mbao. Kwa hivyo tusidhani alikuwa mtu wa ofisini tu. Alishika shoka kama guka. Huko Kanada aliona mambo mawili yaliyomkera. Kwanza, miti mingi iliharibiwa bure msituni. Pili, walowezi walilima mbuga bila kuacha miti ya kuzuia upepo, na udongo mzuri ukapeperushwa kama unga. Hapo akaamua kusomea misitu.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaingia kati. Alipigana katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, akaondolewa vitani mwaka wa 1918. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea taaluma ya misitu. Mwaka wa 1920 akaletwa Kenya kuwa ofisa mdogo wa misitu.

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu. Kenya aliyoikuta Baker haikuwa shwari. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa tangu 1896 hadi 1901 ilikuwa imekula miti mingi, maana gari moshi la siku hizo liliendeshwa kwa kuni. Walowezi walikuwa wamefyeka vilima wapande kahawa, mkonge na ngano, hata huku kwetu Thika na Ruiru. Wenyeji nao walikuwa wamesukumwa kwenye sehemu ndogo, wakalazimika kulima palepale kila mwaka na kukata kila kilichosimama. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande na kazi ya kulazimishwa. Watu walipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walikuwa 21.

Ni katika mwaka huohuo Baker alitafuta namna ya kuwashawishi Wakikuyu wapande miti. Alianzisha kitalu, akawaendea wazee. Wazee walimjibu kwamba kupanda msitu ni shauri ya Mungu, si kazi ya binadamu. Ofisa mwingine angetoa amri na viboko. Baker alikaa akafikiri. Aligundua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda maharagwe na za kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akashirikiana na Chifu Josiah Njonjo, wakatangaza Ngoma ya Miti. Zawadi ya fahali ingemwendea morani atakayejipamba vizuri zaidi, na shanga zingemwendea msichana.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 22 Julai 1922, mahali ni Muguga. Morani walikuja kwa maelfu. Baada ya ngoma wakatafutwa wa kujitolea, na hamsini wakawa wa kwanza kula kiapo. Kiapo chenyewe kilikuwa na mambo matatu: kuulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Wakaitwa Watu wa Miti. Chama kilichozaliwa siku ile Muguga kikaenea nchi nyingi. Leo kinaitwa International Tree Foundation, na bado kinafanya kazi Kenya.

Njia waliyotumia ilikuwa ile ya shamba. Mkulima hupewa sehemu ya msitu uliokatwa, akapanda mahindi na maharagwe, na katikati ya mistari akapanda miche. Anapopalilia mahindi anapalilia na mti. Baada ya miaka michache kivuli kinazidi, mkulima anahamia sehemu nyingine, na nyuma yake kunabaki msitu.

Nilipomsomea guka habari hizi, nilidhani atafurahi. Wapi! Aliniuliza ni nani aliyemaliza miti kwanza, na kama Wakikuyu walihitaji mgeni wa kuwafundisha kuheshimu mti. Akanieleza kwamba zamani mtu akifyeka msitu aliacha mti mmoja mkubwa katikati, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Mti huo uliitwa murema kiriti. Hakuna aliyeugusa. Mugumo nao ulikuwa mahali pa sala. Nilikosa la kujibu. Nikarudi maktaba.

Nikakuta kwamba Baker mwenyewe aliijua desturi hiyo na kuiandika kwa heshima. Na nikakuta jambo jingine. Inasimuliwa kwamba siku moja mkubwa mmoja wa kizungu alitaka kumpiga mfanyakazi Mkikuyu. Baker akajiingiza katikati, pigo likamwangukia yeye begani. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wake, na hakudumu Kenya. Mwaka wa 1924 alikuwa amerudi Uingereza, na tangu 1925 hadi 1929 alifanya kazi ya misitu kusini mwa Nigeria.

Niliporudi na habari hiyo, guka alinyamaza kwa muda, halafu akaniomba nirudie pale kuhusu pigo. Nikarudia. Akasema sasa anaanza kumwelewa mtu wangu. Na mimi, ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kumwelewa guka. Mmoja alipokea pigo lisilo lake, mwingine akaacha pesa alizozihitaji sana. Wote wawili walijua hasara kabla ya kuamua.

Baada ya Nigeria Baker hakutulia. Alikwenda Palestina mwaka wa 1929, akawaleta pamoja viongozi wa dini mbalimbali kwa ajili ya kupanda miti. Akaenda Marekani, akapigania miti mikubwa ya California iliyo mirefu kuliko yote duniani. Mwaka wa 1952 aliongoza msafara kuzunguka jangwa la Sahara, akarudi akieleza kwamba jangwa linaweza kurudishwa nyuma kwa ukuta wa miti. Alipohamia New Zealand, akiwa amepita miaka sabini, alipanda farasi akisafiri kutoka shule hadi shule kuwahutubia wanafunzi. Mzee wa umri ule! Aliandika vitabu vingi, kimoja cha mwaka wa 1944 kikiitwa I Planted Trees. Mwanzoni mwa Juni 1982 alipanda mti wake wa mwisho kule Saskatoon alikosoma ujanani, na siku chache baadaye, tarehe 9 Juni, akafariki akiwa na umri wa miaka 92. Amezikwa hukohuko.

Sasa tuje kwetu. Penye miti hakuna wajenzi, walisema wahenga, na mimi naona penye miche hakuna watunzaji. Nakumbuka siku moja wanafunzi wengi tulipelekwa mahali fulani kupanda miti. Mgeni wa heshima alikuja, picha zikapigwa, tukapewa soda. Mimi kwa haraka ya kuwahi soda nilitia mche shimoni na karatasi yake ya plastiki. Sikuwa peke yangu. Tuliporudi baada ya kiangazi, mingi ilikuwa imekauka. Nilipoung'oa ule wangu, mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya karatasi kama uzi kwenye kibiringo. Niliuua kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wa Miti hawakuahidi kupanda tu. Waliahidi kutunza.

Kwa hiyo naomba niyaandike hapa machache niliyofundishwa na guka, labda yatamfaa mtu.

Kupanda: chimba shimo kabla ya mvua ya Aprili au ya Oktoba. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Chana karatasi, itoe yote. Rudisha udongo wa juu kwanza, kwa sababu ndio wenye chakula. Kandamiza kwa mguu, mwagilia, funika kwa majani makavu, lakini yasiguse shina.

Kupogoa: tawi nene usilikate kwa mkato mmoja karibu na shina, maana litaanguka likichuna gome hadi chini. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, futi moja hivi kutoka shinani, na usizidi theluthi ya unene. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litavunjika bila kuchuna. Kisha ondoa kigutu kilichobaki, lakini usikiguse kile kivimbe ambapo tawi linaungana na shina. Kivimbe hicho ndicho kinachofunga kidonda. Usipake saruji wala matope. Mti hujifunga wenyewe kutoka pembeni.

Kuangusha: kata mdomo upande unaotaka mti ulalie, kisha kata nyuma, juu kidogo ya mdomo, na uache ukanda wa mti katikati ufanye kazi ya bawaba. Ukiukata wote, mti utakwenda utakako wenyewe. Na kabla ya yote, tazama juu. Tawi kavu lililokwama limeua mafundi wengi kuliko shoka.

Habari ya saruji inanikumbusha mugumo wetu wa Thika. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri kuwa mti ule ukianguka utawala wa wageni utakwisha, na kwamba wakoloni waliuzungushia vyuma na saruji usianguke. Ulianguka, na mwaka wa 1963 Kenya ikapata uhuru. Guka husema, akicheka, kwamba hata kama utabiri usingekuwepo, fundi yeyote angewaambia saruji haitibu mti.

Nchi yetu leo ina lengo kubwa. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka angalau asilimia kumi ya ardhi iwe na miti. Profesa Wangari Maathai alianza na miche michache mwaka wa 1977, akafika mpaka Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004. Haba na haba hujaza kibaba.

Mugumo ule wa Ruiru sijui kama fundi mwingine hakuletwa kuukata. Sijapita tena pale. Karo yangu ililipwa mwishoni mwa Januari baada ya guka kupata kazi ya kupogoa mikima shambani, na nilimwomba msamaha tukiwa juu ya mti, kwa sababu chini niliona haya.

Nyuma ya nyumba yetu nina kitalu kidogo: mitarakwa, mizeituni mwitu na mikuyu. Mwanachama yeyote atakayetaka, aje mvua zikianza, nitampa kumi bure. Ila aje na kisu cha kuchania karatasi, na ajue kwamba kiangazi kikifika nitapita kuitazama.