Tom Mboya na Sherehe ya Uhuru Ugenini

Apandaye mashua Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano huipita Rusinga ubavuni mwake. Visiwa hivi viwili vya Ziwa Nyanza ni vya Wasuba, wavuvi wenye asili ya Kibantu ambao wengi wao siku hizi husema Kijaluo. Sisi wa Lamu na Pate hatuna haja ya kuelezwa tabia ya mwana wa kisiwa. Tangu utotoni hujua kwamba riziki iko ng'ambo.

Katika Wasuba hao ndimo alimotoka hayati Tom Mboya. Wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga, ila yeye alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la mji wa Nairobi, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mombasa ilimjua mapema, kwani Machi 1955 makuli wa bandari walipogoma, yeye ndiye aliyeteremka pwani kuwa mjumbe baina yao na waajiri. Mwaka 1957 watu wa Nairobi walimpeleka katika baraza la kutunga sheria.

Aprili 1958, nchi nane za Afrika zilizokuwa huru zilikutana Accra, Ghana, zikaifanya tarehe 15 Aprili kuwa Siku ya Uhuru wa Afrika. Desemba mwaka huo huo, katika mji huo huo, Mboya aliongoza mkutano mkuu wa watu wa Afrika nzima, naye ana miaka 28 tu.

Basi tarehe 15 Aprili 1959 ilipowadia, yeye alikuwa New York. Kamati ya Wamarekani wapenda Afrika ilikuwa imemwalika awe msemaji mkuu wa sherehe hiyo katika ukumbi wa Carnegie, na ukumbi ukajaa. Kwetu pwani Idi ya Mfunguo Mosi ilikuwa haijapita hata juma.

Lakini msomaji atazame ni nyumba gani aliyoiacha mgeni yule. Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Tarehe 3 Machi, katika siku za mwisho za Mlisho, mahabusi 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, hapa hapa kwetu kando ya Mto Tana, na serikali ikatoa habari kwanza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Kifungo cha Mzee Kenyatta kilimalizika katikati ya Aprili hiyo hiyo, naye hakurudishwa kwake, bali alitolewa gerezani Lokitaung akawekwa Lodwar. Mboya alisimama kuusherehekea uhuru wa bara zima, na nchi yake haina. Ni kama mtu aitwaye harusini na kwake matanga hayajaondoka.

Wapo ambao wangalitosheka na makofi, na makofi yalikuwa mengi. Yeye alifanya jambo ambalo kwa rai yangu lapita hotuba zote za safari ile: kila mji alioingia, aliomba nafasi za masomo kwa vijana. Wakuu wa kikoloni hawakupendezwa. Hata hivyo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuchangisha nauli, na Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Kenya ilipopata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, Mboya alikuwa waziri. Hakuishi hata miaka sita baada ya hapo. Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi katikati ya Nairobi alipokuwa akitoka duka la dawa, akazikwa Rusinga, na umri wake miaka 38.

Safari za wanafunzi ziliendelea. Katika kundi la 1960, ambalo nauli yake ilitolewa na wakfu wa ukoo wa Kennedy baada ya Mboya kwenda kuonana na John Kennedy mwenyewe, alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Alipewa nishani ya Nobel ya amani mwaka 2004, na Mboya ana miaka 35 kaburini.