Mendel: Mtawa aliyefeli mtihani wa ualimu mara mbili, akafumbua siri ya mbegu

Mvua ya Oktoba ikikaribia, kuanzia Wote hadi Mwingi stori ni moja tu: mbegu. Nani amenunua dukani, nani ameweka za msimu uliopita, na kwa nini mahindi ya jirani yametoka sawasawa ilhali yako ni moja refu, lingine fupi. Swali hilo lilijibiwa zaidi ya miaka 150 iliyopita kwenye bustani ya watawa huko Ulaya. Na aliyelijibu hakuwa mtoto wa tajiri. Alikuwa mtoto wa mkulima, kama wengi wetu wenye ushago Kitui na Makueni.

Gregor Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Wazazi walimwita Johann. Nyumbani alijifunza kutunza miti ya matunda na nyuki, na darasani alikuwa moto. Shida ilikuwa karo. Halafu mwaka wa 1838 baba yake, Anton, akaumizwa vibaya na gogo akiwa kazini, na mambo yakawa magumu zaidi.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Huku Ukambani, mbuzi hutoka kwa upande wa kijana. Kule kwao ni binti aliyeingia kwenye ndoa na mali kutoka kwa wazazi wake. Theresia alikubali sehemu ya mali yake hiyo itumike ili kaka yake asome. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye, yeye ndiye aliyesaidia kusomesha wana wa Theresia.

Hata hivyo, pesa ziliisha. Mwaka wa 1843 aliingia monasteri ya Waagustino mjini Brno, na huko ndiko alikopewa jina Gregor. Alipata chakula, vitabu na nafasi ya kufundisha shuleni. Lakini ili awe mwalimu kamili alihitaji cheti. Mwaka wa 1850 alifanya mtihani akaanguka, na kati ya sehemu zilizomwangusha kulikuwa na elimu ya wanyama. Wakubwa wake wakampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma fizikia na hesabu. Akarudi kwenye mtihani mwaka wa 1856, ikagonga mwamba tena. Cheti hicho hakukipata maisha yake yote. Sisi tulioachia chuo njiani tunamwelewa huyu jamaa.

Mwaka huohuo wa 1856 ndipo alipoanza kazi iliyompa jina. Alichagua minji, na kulikuwa na sababu. Ua la minji hujichavusha lenyewe, sawa na ndengu za Kitui. Si kama mahindi, ambayo chavua yake hubebwa na upepo kutoka shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo Mendel ndiye aliyeamua nani anazaa na nani. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume, kisha akapaka chavua ya mmea mwingine kwa mkono. Alifanya hivyo hadi 1863, akipitia mimea kama 28,000.

Alichanganya minji ya mbegu za mviringo na minji ya mbegu zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza, mbegu zote zikawa za mviringo. Makunyanzi yalienda wapi? Akapanda mbegu hizo, akaacha mimea ijichavushe, kisha akahesabu: za mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Yaani tatu kwa moja. Akajaribu sifa nyingine sita, kama urefu wa mmea na rangi ya ua, hesabu ikarudi karibu ileile.

Maana yake ni hii. Kila mmea hubeba nakala mbili za kila sifa, moja ya baba na moja ya mama, na humpa mtoto moja tu kwa bahati. Nakala moja inaweza kutawala, nyingine ikajificha. Haikupotea, imenyamaza tu. Leo tunaziita jeni.

Sasa rudi shambani Makueni. Mahindi ya haibridi ni kama kile kizazi cha kwanza cha Mendel: yanafanana yote. Ukipanda mbegu uliyovuna kwayo, nakala zilizojificha zinatoka, shamba linakuwa mchanganyiko na mavuno yanashuka. Lakini ile Katumani, iliyozalishwa Machakos kwa ajili ya maeneo makavu, si haibridi. Ukichagua magunzi mazuri, unaweza kuweka mbegu yake.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Brno Februari na Machi 1865, na mwaka uliofuata yakachapishwa. Karibu kila mtu alinyamaza. Mwaka wa 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa monasteri, muda wake ukaliwa na ofisi na mvutano na serikali kuhusu ushuru. Alifariki Januari 6, 1884, akiwa na miaka 61. Karatasi zake nyingi zikachomwa. Ni mwaka wa 1900, miaka 16 baadaye, ndipo wanasayansi walipogundua kwamba mtawa huyu alikuwa amewatangulia.

Tangu hapo ikajulikana kuwa hesabu yake inatuhusu sisi pia. Chukua ualbino. Baba mweusi na mama mweusi wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja iliyojificha bila kujua. Kila mimba, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ualbino ni mmoja kati ya minne. Mtoto huyo akizaliwa, mara nyingi lawama humwangukia mama: eti alitoka nje, eti ni laana. Hesabu ya minji inasema vingine. Nakala moja imetoka kwa mama, na nyingine imetoka kwa huyohuyo baba anayeuliza mtoto ni wa nani.