Gordon Welchman, bwana aliyesoma barua bila kufungua bahasha

Ndugu zangu wanajumuiya, hii ni mara ya tatu mhariri ananiomba niandike kuhusu ile programu ya kitunguu, yaani Tor, kwa sababu kila tukikutana mjadala unarudi palepale. Mmoja atasema ukiwa ndani yake hakuna anayekuona, si chuo, si serikali ya huku wala ya nyumbani. Mwingine atasema huo ni mtego wa Wamarekani. Mie ni mtu wa uhandisi wa mawasiliano, na nimeona njia nzuri ya kujibu si kuwachorea michoro bali kuwasimulia maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1985, kabla hata hiyo programu haijafikiriwa. Turing mnamjua nyote, sinema ipo na sura yake iko kwenye noti ya pauni 50. Gordon Welchman alifanya kazi pamoja naye, na kwa swali letu hili yeye ndiye mwenye jibu.

Na swali lenyewe si la mchezo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda ilizimiwa intaneti nchi nzima. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Mtu aliyeko huku akiandika mambo ya nyumbani, mara nyingi yeye halali rumande. Anayelala ni binamu aliyemjibu kutoka kule, tena akijibu kwa sababu huyu wa huku alimhakikishia kwamba ukitumia programu fulani huonekani.

Basi tuanze. Welchman alizaliwa Juni 1906 Bristol, baba yake kasisi wa Kianglikana. Alisoma hesabu Cambridge, chuo cha Trinity, kisha mwaka 1929 akawa mwalimu katika chuo cha Sidney Sussex. Fani yake ilikuwa jiometri ya aljebra, jambo ambalo halina uhusiano wowote na vita. Alipenda muziki, alipenda kupanda milima, na kwa vyovyote angemaliza maisha yake pale pale akifundisha kama si Hitler. Kabla ya vita kuanza wakuu wa idara ya kuvunja mafumbo walikuwa wakitafuta walimu wa vyuo vikuu kimyakimya, na yeye akaandikwa. Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, akaripoti Bletchley Park.

Hapo ndipo kisa kinaponoga. Wakuu walikuwa wamejishughulisha na kuvunja Enigma yenyewe, ule mtambo wa Wajerumani wa kufumba ujumbe. Mgeni huyu hakupewa kazi hiyo. Alipelekwa jengo la pembeni, shule iliyokuwa ikiitwa Elmers, akapewa marundo ya ujumbe ambao hakuna mtu aliyeweza kuusoma, akaambiwa aangalie kama kuna lolote la maana kwenye vichwa vyake. Kazi ya kumtoa njiani, ukiniuliza mie.

Sasa, kila ujumbe wa Enigma ulikuwa na sehemu mbili. Mwili wake ulikuwa herufi zilizovurugwa. Lakini kabla ya mwili kulikuwa na kichwa, na kichwa hakikufumbwa, kwa sababu opereta wa upande wa pili alihitaji kukisoma ndio ajue ujumbe ni wake. Kichwa kilitaja majina ya siri ya vituo, yaani nani anamwita nani. Kilitaja saa, idadi ya herufi, na herufi tatu za kuonyesha ni ufunguo gani umetumika siku hiyo. Welchman aliketi na penseli za rangi akaanza kupanga. Ujumbe wenye alama za kundi moja, rangi moja. Kundi jingine, rangi nyingine. Baada ya wiki chache akawa anaona mbele yake jeshi zima likizungumza: kituo hiki kinatoa amri, hivi sita vinajibu, huyu yuko chini ya yule, hawa ni wa ndege na wale ni wa nchi kavu. Hakuwa amesoma hata neno moja la ndani. Zile rangi zake baadaye zikawa majina rasmi ya funguo, na ule uliotumiwa na jeshi la anga la Ujerumani ukaitwa Mwekundu.

Hebu tulete jambo hili mezani kwetu. Ukifungua ukurasa wowote leo, simu yako inatuma pakiti ndogondogo, na kila pakiti ina kichwa na mwili. Mwili siku hizi mara nyingi umefumbwa, ile alama ya kufuli mnaiona. Kichwa hakifumbwi: kinasema imetoka wapi, inakwenda wapi, na anayetazama waya anajua pia ni saa ngapi na ina uzito gani. Kampuni inayokuuzia intaneti inaona hayo yote. Chuo chako kinaona. Kwa hiyo mtu anayesema mazungumzo yake yako salama kwa kuwa yamefumbwa, anazungumzia mwili tu. Welchman alikuwa mtu wa vichwa.

Kitunguu kilibuniwa kuficha vichwa. Kazi ilianzia maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani katikati ya miaka ya 1990 (kwa hiyo wale wa mtego wana asili ya hoja, ila programu ni ya wazi, yeyote anaweza kuisoma ndani), na Tor yenyewe ikaanza kufanya kazi 2002. Ni hivi. Duniani kuna maelfu ya vituo vya kupokezana vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea. Kivinjari chako kinachagua vitatu. Kinaufunga ujumbe kwa maganda matatu, kila ganda na ufunguo wa kituo chake. Kituo cha kwanza kinamenya ganda lake kinakuta maelezo ya kupeleka kwa cha pili, basi. Cha pili kinamenya kinapeleka kwa cha tatu. Cha tatu kinamenya la mwisho kinautoa nje kwenda unakotaka. Wa kwanza anakujua wewe lakini hajui uendako. Wa mwisho anajua uendako lakini hakujui. Wa katikati hajui hili wala lile. VPN ya kawaida ni kituo kimoja tu, na mwenye kampuni anajua pande zote mbili. Umemhamishia siri yako tu.

Hiyo ndiyo raha yake. Shida zake nazo Welchman alishazikuta karibu zote, nitazitaja nikifika.

Niweke hapa jambo moja kwa watu wa kwetu Mombasa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, kikosi cha Waingereza cha kusikiliza redio za Wajapani kilihamishiwa Kilindini, kikaketi ndani ya shule ya Allidina Visram. Kilikuwa tawi la idara ileile ya Bletchley. Mawimbi yalifika hafifu sana, lakini Novemba mwaka huo walivunja fumbo la meli za mizigo za Kijapani, na 1943 wakarejea Colombo. Wangapi tuliopita mbele ya shule ile tuliwahi kuambiwa?

Tumrudie Welchman. Alipeleka pendekezo kwa wakubwa: kazi hii haitaendeshwa na mabingwa wachache wakikuna vichwa, inahitaji kiwanda. Wasikilizaji wa redio, wapangaji, wavunjaji, wafasiri, wote mstari mmoja, usiku na mchana. Walikubali, na ndipo likazaliwa Banda la 6 la kuvunja Enigma ya nchi kavu na ya anga, na Banda la 3 la kutafsiri. Aliajiri wanafunzi wake mwenyewe na wacheza sataranji. Mmoja wa wanafunzi hao, John Herivel, alikaa akajiuliza swali la kibinadamu kabisa: opereta mvivu asubuhi, akishaweka magurudumu ya siku, atafanya nini? Akajijibu kwamba ataacha magurudumu karibu na pale yalipo na kutuma ujumbe wa kwanza hivyohivyo. Mei 1940 Wajerumani walipobadili utaratibu wao na Banda la 6 likabaki kipofu, wazo hilo la Herivel ndilo lililowarudisha ndani ya ufunguo Mwekundu, na tangu hapo waliusoma karibu kila siku. Mtambo haukuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa kijana aliyechoka.

Mtu anafungua kitunguu, maganda yake matatu yamekaa sawa, kisha anaingia kwenye akaunti yake yenye jina lake na picha ya harusi. Ama anaandika kwa jina la bandia lakini kwa misemo ileile ambayo kijiji kizima kinamjua nayo. Huyo hakuna ganda litakalomsaidia. Na yule wa kituo cha tatu tusimsahau. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Uswidi aliendesha vituo vichache vya kutokea, akakusanya maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali nyingi. Waliotuma walidhani Tor imewafumbia mwili. Tor inafumba hadi mlango wa kutokea, baada ya hapo kama ukurasa hauna kufuli, mlinda mlango anasoma.

Mengine ya vita nayapitia haraka. Alitoa wazo la ubao wa mshazari ulioongezwa kwenye mashine ya Turing ya kutafuta funguo. Kwa kuwa herufi moja ikiunganishwa na ya pili basi na ya pili imeunganishwa na ya kwanza, mashine iliweza kutupa majibu mengi ya uongo kwa mkupuo. Turing hakuamini mpaka alipoonyeshwa. Mashine ya kwanza yenye ubao huo ilianza kazi Agosti 1940, na vita vilipokwisha zilikuwa zaidi ya 200. Oktoba 1941 yeye, Turing na wenzao wawili waliruka ngazi zote wakamwandikia Churchill moja kwa moja kuomba wafanyakazi, wakapewa.

Baada ya vita alifanya kazi kidogo kwa kampuni ya maduka ya John Lewis, lakini 1948 akahamia Marekani. Alifundisha somo la kwanza la kompyuta katika chuo cha MIT, akazunguka kampuni kadhaa, na 1962 akachukua uraia na kuingia shirika la MITRE, Massachusetts. Kazi yake huko ilikuwa kinyume cha ile ya mwanzo: kubuni mawasiliano ya vitani ambayo mtu kama yeye asingeweza kuyasoma. Kumbuka muda wote huo mkewe, watoto, majirani, hakuna aliyeruhusiwa kujua alifanya nini Bletchley.

Mwaka 1974 kitabu cha mwenzao kilitoboa siri kwamba Enigma ilivunjwa. Welchman akaona sasa ruksa, naye akaandika chake, The Hut Six Story, kikatoka 1982. (Mwaka mmoja kabla yake kijana wa Kimarekani, David Chaum, alichapisha makala ya jinsi ya kutuma barua bila kujulikana nani kamtumia nani, na humo ndimo kitunguu kilipata mbegu. Sijaona popote kwamba wawili hao waliwahi kujuana.) Serikali zote mbili, ya Marekani na ya Uingereza, zilikasirika. Alinyang'anywa kibali cha usalama, akapoteza kazi yake ya ushauri MITRE, akakatazwa kuzungumzia kitabu na waandishi. Mzee wa miaka 76. Kwa nini yeye? Kuvunjwa kwa Enigma kulishajulikana miaka 8 iliyopita. Alichoongeza ni namna kazi ya vichwa inavyofanywa, na mie sioni sababu nyingine inayotosha: Enigma ilishakufa, kazi ya vichwa ilikuwa ingali hai.

Bado ni hai. Waliobuni Tor walisema wazi tangu 2004 kwamba haimkingi mtu dhidi ya anayeweza kutazama ncha zote mbili, pale unapoingia na pale unapotokea. Chaum alitaka barua zikae kwanza kituoni, zichanganywe, ndipo zitoke. Lakini nani atasubiri nusu saa ukurasa ufunguke? Kwa hiyo Tor haicheleweshi, na anayeona mkupuo umeingia hapa saa fulani na mkupuo wa uzito uleule umetoka kule sekunde ile ile, anaunganisha. Desemba 2013, mkoa huohuo wa Massachusetts, mwanafunzi mmoja wa Harvard alituma vitisho vya mabomu kwa barua pepe ili akwepe mtihani. Alitumia Tor. Hakuna aliyemenya ganda hata moja. Barua zilionyesha zimetoka Tor, basi wakaangalia kwenye mtandao wa chuo ni nani walikuwa wakitumia Tor saa zile. Wakamfikia, akakiri. Penseli za rangi zilezile. Tor ina njia za kando za kuficha hata kule kuitumia, lakini lazima uzitafute mwenyewe. Na pale chuoni mtumiaji ni mmoja kati ya wachache. Kwenye mji mdogo wa binamu yako huenda ni mmoja peke yake.

Welchman alitumia miaka yake ya mwisho akiandika makala ya kurekebisha kitabu chake, kwa kuwa alikuja kugundua kwamba Wapolandi walifanya makubwa kuliko alivyoelewa mwanzo, na alitaka wapewe haki yao. Hata kwa hayo mkuu wa idara ya Uingereza alimwandikia barua ya karipio mwaka 1985. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, Newburyport, na makala ikachapishwa 1986.