Mtu wa Nyota ya Karatasi

Mwisho wa Oktoba mmoja, wiki ya kufunga shule, safari ilinifikisha Kilungu, milimani huko Makueni. Nalitoka Mombasa na shati langu la pwani, na nilipofika Nunguni meno yalikuwa yakigongana kwa baridi. Mwenyeji wangu alinipitisha katika chekechea moja ili nijikinge na manyunyu, na humo ndimo nilimokutana na mtu aliyekufa mwaka 1852.

Watoto walikuwa sakafuni na magazeti makuukuu, makasi mawili ya kupokezana, na gundi ya unga ndani ya kopo. Mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zachungulia, kwa hiyo baadhi yao wakikata matone ya mvua. Wengine wakisuka vipande vya karatasi, kimoja juu kimoja chini. Mimi nikasema huo ni mkeka, wao wakashikilia kuwa ni kiondo. Mwalimu wao naye akikunja nyota za kupamba Krismasi, nyota ya vipande vinne vya karatasi, haina gundi wala uzi. Mlangoni palisimama mzazi mmoja, uso umekunjamana. Alitaka kujua karo yake yanunua herufi au yanunua takataka za karatasi.

Sikumjibu mzazi huyo, maana mgeni hana neno. Lakini nyota ile naijua jina. Huko Ujerumani huitwa kwa jina la Friedrich Froebel, ingawa ufundi wa kukunja karatasi ulikuwako Ulaya kabla yake.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, nchi ya Thuringia. Mamake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba alikuwa kasisi mwenye kazi nyingi, akaoa mke mwingine, na mama huyo wa kambo alipopata mwanawe mwenyewe, Friedrich akabaki kama kiti cha ziada nyumbani. Baba alimwona mzito wa kufahamu, akamtia katika shule ya wasichana. Alipokuwa na miaka kumi mjomba wake alimchukua, na hapo ndipo alipoonja kupendwa. Mimi nadhani kazi yake yote ya baadaye yatoka katika miaka kumi hiyo.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Alijifunza kazi ya misitu, akasoma Jena, na huko alifungwa wiki tisa katika gereza la chuo kwa ajili ya deni. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kuwa mjenzi wa majumba, akapewa darasa la watoto, na ujenzi wa majumba ukaishia hapo. Alikaa miaka miwili kwa Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, akapigana vita dhidi ya Napoleon mwaka 1813, kisha akawa mtunzaji wa mawe ya madini huko Berlin. Mawe hayo, yenye pande na pembe zilizonyooka bila kuchongwa na mtu, yalimwingia moyoni.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alifungua mahali pa watoto wadogo katika mji wa Blankenburg. Jina lilimjia mwaka 1840 alipokuwa akitembea milimani: bustani ya watoto. Na bustani ilikuwepo kweli, kila mtoto na kijishamba chake, apande, angoje, aone majira yakigeuka. (Sisi twasema chekechea, na kwa sikio langu la mshairi neno letu ni tamu zaidi.)

Ndani aliwapa mipira ya sufu ya rangi, kisha tufe, mcheduara na mchemraba wa mti. Halafu karatasi: kukunja, kukata, kusuka, kutoboa kwa sindano. Chukua karatasi ya mraba, msomaji, uikunje pembe kwa pembe. Umepata pembetatu. Ikunje tena, kisha ifungue: pembetatu nne ndani ya mraba mmoja. Mtoto wa miaka mitano ameishika robo kwa vidole vyake kabla hajaambiwa neno robo. Akiendelea kukunja atapata mashua, au ua. Nasi chuoni tulikaririshwa juu ya ubao tangu alfajiri, na sijutii. Lakini hesabu ya kwanza niliyoielewa niliipata katika kutengeneza kishada, maana upande mmoja ukizidi hakipandi hata upepo wa kusi uvume vipi.

Froebel hakuwa bila ila. Alipenda mno mpangilio, na baada yake wafuasi waliugeuza mchezo kuwa kwata, watoto wote wakunje kwa amri moja. Hata hivyo kazi ilisambaa. Mwaka 1876 ilifika Tokyo, kwa watu ambao kukunja karatasi walikuwa wakikujua tangu kale. Na Mombasa, katikati ya miaka ya 1980, zilianza madrasa za watoto wadogo zilizoiweka Kurani na michezo katika chumba kimoja, kwa vifaa vya mumu humu kwetu.

Yeye mwenyewe hakuuona usambaaji huo. Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani za watoto, kwa madai kuwa zafundisha ukafiri na ujamaa. Sehemu ya kosa ilikuwa kumchanganya na mtoto wa nduguye, Karl. Mzee alilalamika, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, hana mtoto wa kumzaa, marufuku ikiwa bado shingoni mwake. Iliondolewa mwaka 1860. Kaburi lake liko Schweina, na juu yake yamewekwa mawe matatu: mchemraba, mcheduara, na tufe.

Mvua ya Kilungu ilianza kwa nguvu tulipokuwa twatoka. Yule mzazi alimvuta mwanawe mkono wakimbie. Mtoto alikuwa amelitia tone lake la gazeti ndani ya sweta, lisilowe.