Vasco da Gama: Mgeni Aliyeacha Nguzo Malindi

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tunaikariri darasani kila mwaka. Lakini hapa pwani yetu ya Malindi na Kilifi kuna mgeni mmoja ambaye mpaka leo watu hubishana juu yake: je, wenyeji walipona kwa kuja kwake, au waliumia? Mgeni huyo ni Vasco da Gama, baharia wa Ureno. Jina lake tunalijua tangu shule ya msingi, na nguzo yake watalii huipiga picha kila siku. Maisha yake yenyewe wengi wetu hatuyajui vizuri.

Njia nzuri ya kuyajua ni kutembea. Kiongozi wa watalii anayeujua mji anaweza kukuonyesha mahali panapohusika na habari hii kwa asubuhi moja tu, tena kwa miguu: makaburi ya kale kando ya msikiti, nguzo iliyo kwenye rasi, na kanisa dogo la Wareno. Basi ndugu msomaji, hebu tufuatane.

Kabla ya kuondoka, tumjue mtu wetu. Vasco da Gama alizaliwa Sines, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ureno, katika miaka ya 1460. Wakati huo wafalme wa Ureno walikuwa wakitafuta njia ya baharini ya kufika Bara Hindi ili wanunue pilipili manga, mdalasini na viungo vingine bila kupitia kwa wafanyabiashara wa kati. Mwaka wa 1488 Mreno mwenzake, Bartolomeu Dias, alikuwa ameizunguka ncha ya kusini ya Afrika, lakini mabaharia wake walikataa kuendelea. Mfalme Manuel wa Kwanza akamkabidhi da Gama kazi hiyo. Tarehe 8 Julai 1497 akang'oa nanga Lisbon na merikebu nne na watu wapatao 170.

Safari yenyewe si mchezo. Walikaa baharini miezi mingi, na kwa kukosa matunda na mboga wakashikwa na kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba na kuoza ufizi. Mwezi wa Machi 1498 walifika Msumbiji wakagombana na wenyeji. Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Huko nako hawakuaminiana. Da Gama aliwatesa mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto ili wamwambie kama kulikuwa na njama dhidi yake. Alipoondoka Mombasa alikamata chombo kilichokuwa kikipita, pamoja na watu waliokuwamo. Kwa hivyo alipotia nanga mbele ya Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili, alikuwa na mateka melini na hakuwa na rafiki hata mmoja pwani nzima.

Kituo chetu cha kwanza ni kando ya Msikiti wa Jumaa, karibu na bahari. Hapo yapo makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kiongozi atakuambia kwamba ni ya zamani kuliko safari ya da Gama, na hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kusimama kidogo afikiri. Ati vitabu vingine bado vinasema huyu bwana aliivumbua pwani yetu! Mji wa Malindi ulikuwapo, una misikiti yake, mfalme wake, mashamba na wageni kutoka ng'ambo. Mwaka wa 1415, miaka zaidi ya themanini kabla ya Mreno huyu, wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga kama zawadi. Da Gama mwenyewe alikuta vyombo vya Wahindi vimetia nanga pale pale bandarini. Kwa kuwa hawakuwa Waislamu, aliwadhania kuwa ni Wakristo. Kumbe walikuwa Wahindu.

Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri. Mbona Malindi ikafurahi ilhali Mombasa ilikasirika? Sababu kubwa ni kwamba miji hii miwili ilikuwa mahasimu, na Malindi iliona mizinga ya Wareno ingeweza kuwa ngao yake. Adui wa adui yako ni rafiki yako. Hata hivyo da Gama hakuthubutu kukanyaga nchi kavu. Walikutana juu ya maji, kila mmoja na chombo chake. Mfalme alikuja amevaa joho la fahari, juu yake mwavuli mwekundu wa hariri, huku wapigaji wakipuliza siwa mbili za pembe ya ndovu. Anayetaka kujua siwa ni kitu gani, aende akazione zile kuu za Pate na Lamu zilizohifadhiwa katika makumbusho. Da Gama aliwaachilia mateka wake, na kwa siku tisa kukawa na ngoma na zawadi za kondoo na matunda.

Lakini kitu alichohitaji zaidi kilikuwa ni mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda Bara Hindi. Alipoona anacheleweshwa, akamzuilia melini mjumbe mmoja aliye karibu sana na mfalme. Siku hiyo hiyo rubani akaletwa. Hebu fikiria: anakaribishwa, anapewa chakula, halafu anamshika mtu wa mwenyeji wake!

Rubani huyo ni nani? Utawasikia wengi wakimtaja Ahmad ibn Majid, Mwarabu wa Omani aliyeandika vitabu vingi vya ubaharia. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubaliani na jambo hilo. Shahidi aliyekuwamo safarini aliandika tu kwamba ni Mkristo. Waandishi wa Kireno wa baadaye walimwita Malemo Cana. Sisi wa Chama cha Kiswahili tulisikie neno hilo kwa masikio yetu wenyewe. Malemo ni mwalimu! Katika lugha ya mabaharia wa zamani, mwalimu ndiye mjuzi wa nyota na njia za bahari. Basi Wareno walihifadhi cheo chake, lakini jina lake hasa likapotea. Mwanafunzi akawa mashuhuri dunia nzima, na mwalimu akasahauliwa.

Tarehe 24 Aprili waliondoka Malindi, wakati upepo wa kusi ulipokuwa unaanza kuvuma kuelekea Bara Hindi. Kwa siku 23 hawakuona nchi, kisha wakaiona pwani ya Malabar, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Mwalimu aliijua kazi yake.

Wakati wa kurudi, da Gama hakungoja kaskazi. Aliondoka mapema mwezi wa Oktoba, bila yule mwalimu, na bahari ikamwadhibu. Njia iliyochukua majuma machache wakati wa kwenda ilichukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikarudi, watu wapatao thelathini wakafa, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Mtoto yeyote wa mvuvi hapa kwetu anajua kuwa upepo hauamrishwi, hungojewa. Walipoifikia Afrika waliupiga mji wa Mogadishu kwa mizinga, kisha tarehe 7 Januari 1499 wakaingia Malindi wakiwa hoi. Mfalme akawaletea kondoo, kuku, mayai na machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa kupona, wakazikwa hapa.

Sasa twende kwenye rasi iliyo kusini mwa mji. Unapanda kidogo, upepo unakupiga usoni, na nguzo nyeupe inakutokea ikitazama bahari, na msalaba wa jiwe juu yake. Da Gama aliiomba nguzo isimamishwe kama ishara ya urafiki, na mfalme akakubali. Tena mfalme akampa pembe ya ndovu ampelekee Mfalme wa Ureno, na kijana mmoja Mwislamu aliyetaka kuiona Ureno akaondoka pamoja nao. Hapo kwanza nguzo haikuwa hapa. Ilisimama mjini, na baadaye ndipo ikahamishiwa kwenye rasi. Ile koni inayoishikilia ilijengwa katika karne ya 19.

Baada ya Malindi, watu wake walikuwa wachache mno kuongoza merikebu zote, kwa hivyo moja, São Rafael, akaichoma moto kusini mwa Mombasa. Ndugu yake Paulo alifia njiani. Waliofika Lisbon mwaka wa 1499 hawakutimia nusu ya walioondoka. Mfalme Manuel alimtukuza, akampa mali na cheo cha Admirali wa Bahari ya Hindi.

Hapa viongozi wengi humalizia hadithi. Sisi tusiishie hapo. Mwaka wa 1502 da Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu za vita. Alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa Mfalme wa Ureno, la sivyo mji ungebomolewa. Karibu na pwani ya Bara Hindi alikamata merikebu iliyojaa mahujaji waliokuwa wakitoka Makka, akaichoma moto na mamia ya watu ndani yake, wanawake na watoto wakiwamo. Kisha akaupiga mji wa Calicut kwa mizinga. Mwaka wa 1524 alirudi Bara Hindi mara ya tatu akiwa mwakilishi wa mfalme, lakini hakudumu. Alifariki Cochin tarehe 24 Desemba 1524.

Tunaporudi mjini, tupitie kituo cha mwisho: kanisa dogo la Wareno, lililojengwa katika karne ya 16. Francis Xavier, mmisionari ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu, alipita Malindi mwaka wa 1542 akielekea Bara Hindi. Kanisa lenyewe ni dogo, paa lake ni la makuti, na uani mna makaburi. Da Gama mwenyewe amelazwa Lisbon, ndani ya Monasteri ya Jerónimos, jengo kubwa la mawe yaliyochongwa kwa ustadi mno. Sehemu ya gharama zake ilitoka katika ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Ukilinganisha majengo haya mawili, utajua faida ilikwenda wapi.

Na Malindi ilipata nini? Kwa miaka karibu mia moja ilikuwa rafiki wa Wareno, na Mombasa ilichomwa zaidi ya mara moja. Lakini mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakahamishia kazi zao huko, na mtawala wa Malindi akahamia huko pia. Mji wetu ukafifia, hata katika karne ya 19 sehemu kubwa ilikuwa magofu na vichaka, kabla ya kufufuliwa na Masultani wa Zanzibar. Nguzo ya urafiki ilibaki. Rafiki mwenyewe alikuwa amehama.

Jambo moja zaidi. Kilomita kama kumi na tano kusini mwa Malindi upo Gede, mji wa mawe wenye kuta, jumba la mfalme na misikiti, ambao ulikuwa katika fahari yake wakati huo. Wareno hawakuandika habari zake. Mwaka wa 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kumbe hata huyo aliyesifiwa kwa kuvumbua alipita karibu na mji mzima asiujue!

Sisemi nguzo ivunjwe. Ikivunjwa, tutapoteza shahidi. Nguzo inashuhudia ujasiri wa mabaharia wale, na inashuhudia pia ukarimu wa mfalme wa Malindi, elimu ya mwalimu asiye na jina, na hatari ya kumtegemea mwenye mizinga ili akupiganie na jirani yako. Shime basi, wanafunzi wenzangu. Ukienda kwenye ziara, usitosheke na kupiga picha. Muulize kiongozi wako: ni nani aliyekuwa hapa kabla ya mgeni? Ni nani aliyemwonyesha njia? Na alipoondoka, alifanya nini huko mbele? Walimu wetu nao watusaidie, maana maswali haya hayaulizwi sana katika mtihani, na majibu yake ndiyo historia yetu.