Mzee wa Kwihara: Maisha ya Dakta Livingstone

1. Nyumba ya Kwihara

Kwihara ni kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka mjini Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Zamani njia kubwa ya misafara ilipita hapo. Wapagazi walitoka Bagamoyo wamebeba nguo, ushanga na nyaya za shaba. Walirudi pwani na pembe za ndovu. Pamoja nao walitembea watumwa waliofungwa. Kutoka Tabora njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda.

Waarabu na Waswahili walijenga tembe kubwa huko. Tembe ni nyumba yenye kuta nene za udongo na paa la udongo lililo bapa. Mbele ina baraza ya kupokea wageni. Ndani ina vyumba, ghala na ua. Katika tembe moja ya Kwihara alikaa mzee mmoja Mzungu kwa miezi sita mwaka 1872. Jina lake lilikuwa David Livingstone. Nyumba hiyo imejengwa upya, nayo ni makumbusho.

Watu wengi wanajua safari za Livingstone. Lakini hapa tutasoma zaidi habari za siku alizokaa nyumbani. Alikuwa mzee, mgonjwa na amechoka. Rafiki yake alimshauri arudi kwao akapumzike. Ilimbidi aamue.

2. Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika mji wa Blantyre, huko Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Baada ya kazi alikwenda kwenye darasa la usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha lugha ya Kilatini. Mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita.

Kwa njia hiyo alijiendeleza mpaka akawa daktari na mhubiri. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini. Alitembea kutoka Luanda, upande wa magharibi, mpaka Quelimane, upande wa mashariki. Safari hiyo aliimaliza mwaka 1856. Kila alikopita aliandika habari za nchi, mito, watu na maradhi.

3. Mume na baba

Mwaka 1845 Livingstone alimwoa Mary Moffat, binti wa mhubiri. Walizaa watoto sita. Mmoja alifariki akiwa mchanga sana. Mwaka 1852 Livingstone aliwapeleka mkewe na watoto Uingereza, naye akaendelea na safari zake. Miaka mingi watoto hao walimjua baba yao kwa barua tu.

Mwaka 1862 Mary alimfuata mumewe kwenye mto Zambezi. Huko akapata homa, akafariki. Alizikwa Shupanga, chini ya mbuyu. Miaka miwili baadaye, Robert, mtoto wao wa kwanza, alifariki katika vita vya Marekani.

Livingstone alimwaga Uingereza kwa mara ya mwisho mwaka 1865. Alipokuwa Kwihara watoto wanne walikuwa hai: Agnes, Thomas, Oswell na Anna Mary. Hakuwa amewaona kwa muda wa miaka saba.

4. Mgeni wa Ujiji

Mwaka 1866 Livingstone alipita Unguja, akaingia bara. Alitaka kujua chanzo cha mto Naili. Alizunguka miaka mitano. Alipoteza sanduku lake la dawa, akaugua mara kwa mara, na meno yake mengi yakang'oka. Mwezi wa Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Watu wengi walikufa siku ile. Livingstone hakuweza tena kukaa na wauaji hao. Akarudi Ujiji akiwa dhaifu. Huko akakuta mali yake yote aliyoletewa imekwisha uzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza.

Siku chache baadaye mgeni alifika. Alikuwa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani. Alileta chakula, nguo, dawa na mfuko wa barua. Mfuko ule ulitoka Unguja mwezi wa Novemba 1870. Ulikuwa umekwama Unyanyembe kwa sababu ya vita vya Mirambo na Waarabu. Livingstone alikaa na mfuko magotini, akatafuta kwanza barua za watoto wake.

Watu hao wawili walisafiri pamoja mpaka Unyanyembe. Waliingia Kwihara tarehe 18 Februari, 1872.

5. Kufungua masanduku

Kazi ya kwanza katika nyumba ya Kwihara ilikuwa kufungua masanduku. Mengine yalikuwa yamekaa ghalani muda mrefu. Walikuta mchwa wamefanya kazi yao. Walikuwa wametafuna vitako vya bunduki, na mitutu imeshika kutu. Chupa za pombe kali zilikuwa tupu. Badala ya vizibo vyake mtu alikuwa ametia magunzi ya mahindi. Hao hawakuwa mchwa!

Lakini kulikuwa na mambo ya kufurahisha pia. Katika vitu vyake Livingstone alikuta mashati manne ya joto aliyotumiwa na binti yake Agnes. Akakuta na jozi mbili za viatu vizuri kutoka kwa rafiki yake. Kwa mtu aliyetembea miaka mingi na viatu vilivyochakaa, zawadi hiyo haikuwa ndogo.

Stanley naye alimpa nguo, ushanga, nyaya, dawa na vyombo. Vitu vyote pamoja vilitosha kwa miaka minne. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni watu wa kuvibeba.

6. Ushauri wa rafiki

Stanley alimshauri Livingstone arudi Uingereza. Alimwonyesha kwamba mwili umechoka. Angepata matibabu na meno ya bandia. Angewaona watoto wake. Halafu, akipata nguvu, angeweza kurudi Afrika.

Livingstone aliwaza sana. Barua ya Agnes ilimsaidia kuamua. Binti huyo aliandika kwamba anatamani sana baba arudi. Hata hivyo, afadhali baba aimalize kazi yake kwanza mpaka aridhike, kuliko kurudi kwa ajili ya kumfurahisha yeye tu. Baba alifurahi kupita kiasi. Aliona kwamba mtoto wake anamfahamu.

Basi alikataa kurudi. Tarehe 14 Machi, 1872, Stanley aliondoka kwenda pwani. Alichukua barua pamoja na daftari la safari, lililofungwa kwa lakiri ili apewe Agnes. Aliahidi kuleta wapagazi waaminifu kutoka pwani. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza umri wa miaka 59. Siku hizi mtumishi wa serikali mwenye umri huo hujitayarisha kustaafu. Yeye alikuwa anasubiri wapagazi.

7. Siku za nyumbani

Kuanzia hapo mzee alikaa nyumbani. Alinunua ng'ombe wa maziwa. Akatengeneza jibini, yaani maziwa yaliyogandishwa ili yaweze kubebwa safarini. Mwenyewe aliona jibini yake ni nzuri, ila chachu kidogo. Alitazama ndege wakiwalisha makinda yao, hata makinda yaliyokwisha ota manyoya yote. Aliwaangalia watoto wa kijiji wakicheza na pinde ndogo na bunduki za kuchezea. Jirani yake, mzee Sultan bin Ali, alitembelewa naye mara kwa mara. Habari za vita vya Mirambo zilifika kila siku, za kweli na za uongo.

Nyumbani walikuwapo Chuma na Susi, waliosafiri naye tangu mwanzo. Mpishi wake alikuwa Halima, mke wa Amoda. Siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenziwe, Ntaoeka, akatoka nyumbani kwa hasira. Livingstone akaenda kwa Sultan bin Ali kuomba msaada wa kumtafuta. Lakini Halima alirudi mwenyewe, akasimama nje. Hakutaka kuingia mpaka mzee atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, na asigombane tena. Kisha akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, ili ajue kwamba hana kinyongo naye.

Livingstone aliandika kwamba Halima hakuiba hata siku moja, wala hakumruhusu mumewe aibe. Alinuia kumpa uhuru wake, na kumnunulia nyumba na shamba huko Unguja. Nia hiyo ilikuwa njema, lakini mzee hakufika Unguja tena akiwa hai.

Tarehe 1 Mei, 1872, aliandika barua kwa gazeti la Marekani. Alieleza ubaya wa biashara ya watumwa, akawaombea baraka watu wa taifa lo lote watakaosaidia kuiponya dunia jeraha hilo. Maneno hayo yamechongwa juu ya kaburi lake.

8. Mtoto aliyefika nusu ya njia

Tarehe 27 Juni, 1872, Livingstone aliandika habari ya barua aliyoipata kutoka kwa mtoto wake Oswell. Iliandikwa Bagamoyo katikati ya Mei.

Oswell alikuwa kijana wa miaka 20. Alikuja na msafara uliotumwa kutoka Uingereza kumtafuta baba yake. Kabla msafara haujaondoka Bagamoyo, Stanley alifika kutoka bara na habari kwamba Livingstone yu hai na ana mali ya kutosha. Mkuu wa msafara akajiuzulu. Wenzake nao wakaacha. Mwisho Oswell naye akarudi Uingereza.

Kwa hiyo baba alikuwa Kwihara, na mtoto alifika Bagamoyo. Kati yao ulikuwa mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa miguu. Hawakuonana. Livingstone aliandika kwamba barua ile ilimpa shukrani, wasiwasi na huzuni kubwa. Ndugu msomaji aliye na mtoto mbali ataelewa jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kukaa katika moyo mmoja.

9. Kupunguza mizigo

Katikati ya Agosti watu 57 walifika kutoka pwani. Stanley alitimiza ahadi. Sasa ilikuwa lazima kuchagua. Vitu vya miaka minne haviwezi kubebwa vyote na watu wachache. Livingstone alikwisha zoea kuacha vitu. Alipoondoka Ujiji alikuwa ameacha sanduku la vitabu, mashati na karatasi kwa Muhammad bin Saleh. Kwihara pia alichambua mali yake, akatenga ya safari.

Halafu akapima mizigo upya. Kila mpagazi alipewa mzigo wa ratili 50, yaani kama kilo 23. Vijana waliosoma shule ya Nasik, Bara Hindi, ambao hawakuzoea kubeba, walipewa nusu. Mabruki, mtu wa safari nyingi za zamani, alikuwa mgonjwa. Huyo aliachwa Tabora kwa Sultan bin Ali, asilazimishwe kutembea.

Tarehe 25 Agosti, 1872, msafara uliondoka kuelekea kusini.

10. Kurudi Kwihara

Livingstone alikosea jambo kubwa. Alidhani kwamba mto Lualaba ndio mwanzo wa Naili. Kumbe Lualaba ni mto Kongo. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1877, Stanley alipoufuata mto huo mpaka baharini. Kazi aliyoikatalia mapumziko isingeweza kumalizika kama alivyotumaini.

Mvua, matope na ugonjwa wa tumbo vilimmaliza. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Chuma, Susi na wenzao wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa jua, wakaufunga kwa nguo na gome, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Kwihara. Katika nyumba ileile walimkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliona afadhali azikwe hapo. Wapagazi wakakataa. Walisema lazima afike kwao. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili, 1874.

Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kufa kwake. Hakupata habari hiyo. Wala hakujua kwamba ramani na maandishi yake yangewaonyesha njia watu waliokuja baadaye kuzitawala nchi zetu. Mtu huchagua kazi yake, lakini hachagui matunda yake yote.

Watoto wake walipata mwili wa kuzika, pamoja na madaftari yake. Vilifika kwa sababu watu wa kawaida, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa, walivibeba mabegani kwa muda wa miezi tisa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Livingstone alijifunza namna gani alipokuwa mtoto kiwandani?
2. Taja vitu vilivyoharibika ghalani Kwihara. Ninyi huhifadhije vitu ili mchwa wasivile?
3. Agnes alimwandikia baba yake nini? Ungekuwa wewe ungeandika nini?
4. Kwa nini Oswell na baba yake hawakuonana?
5. Je, Livingstone alifanya vema kukataa kupumzika? Toeni sababu za pande zote mbili.
6. Waulizeni wazee wa kijiji chenu habari za njia ya misafara na za wapagazi. Ziandikeni.