Maria Telkes na Nyumba ya Jua

Je, umewahi kulishika jiwe lililoanikwa juani? Mchana huwa la moto, lakini usiku hupoa upesi. Basi, yawezekanaje kuweka akiba ya joto la jua, kama tuwekavyo nafaka ghalani? Maria Telkes alilitafutia swali hili jibu kwa miaka mingi.

Maria alizaliwa mwaka 1900 mjini Budapest, nchini Hungaria. Alisomea sayansi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1924, kisha akahamia Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibuni chombo cha kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa kwa nguvu ya jua, ili mabaharia waliozamiwa na meli wasife kwa kiu.

Mwaka 1948 nyumba yake ya jua ilijengwa huko Dover, katika jimbo la Massachusetts, ambako majira ya baridi huleta theluji. Ramani yake ilichorwa na mwanamke, Eleanor Raymond. Gharama zililipwa na mwanamke mwingine, Amelia Peabody.

Tazama jinsi nyumba hiyo ilivyofanya kazi. Jua lilipenya vioo na kupasha moto bamba jeusi la chuma. Hewa iliyopata moto hapo ilisukumwa na feni hadi kwenye vyombo vyenye chumvi ya Glauber. Chumvi hii si ile tuitiayo katika mboga. Huyeyuka ifikapo nyuzi 32 za Sentigredi, na inapoyeyuka hufyonza joto jingi. Usiku ulipoingia, chumvi iliganda tena na kulitoa joto lile. Hivyo watu wa nyumbani hawakupata baridi.

Lakini katika majira ya baridi ya tatu mambo yaliharibika. Chumvi ilijitenga: sehemu nzito ilizama, na maji yakabaki juu. Vyombo vilipata kutu vikavuja. Ilibidi nyumba itiwe mtambo mwingine wa joto.

Maria hakukata tamaa. Aliendelea kutafuta njia za kuizuia chumvi isijitenge, na wanasayansi wengine wakaifuata kazi hiyo. Alifariki mwaka 1995 mjini Budapest.

Maswali
1. Chumvi hufyonza joto wakati gani, na hulitoa wakati gani?
2. Kwa nini bamba lilipakwa rangi nyeusi?